Wawili Waingie, Mmoja Atoke

Kwa Kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, zile unazonidai na zile ninazokupa kwa hiari. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umekuachia kidogo, na Wifi bado anakukataza kubeba mitungi ya gesi mwenyewe huku vijana wa dukani wamesimama wanakutazama. Wanangu hawajambo? Yule wa mwisho, aliyekuwa akiogopa kunyolewa, ameshakubali mashine au bado mnamkimbiza uani? Mimi ni mzima, ila kikohozi. Si cha ugonjwa, ni cha tope na upepo wa alfajiri, na kitaondoka ndege watakapoondoka.

Naandika kwa sababu simu yangu huipokei. Silalamiki, natoa taarifa tu: inaita mpaka inakata, na nikipiga tena naambiwa haipatikani. Nikampigia Wifi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba umesema jambo la Baba limefungwa, na atakayelifungua alifungulie kwake. Sawa. Nimelifungulia kwangu. Lakini lililotoka ndani ni la sisi wawili, na siwezi kulibeba peke yangu kama nilivyobeba mengine. Nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea. Nakujua, unasoma barua kama unavyosoma risiti, macho yanakimbilia chini kutafuta jumla. Hii usiisome hivyo. Ukianzia chini utaniona mwendawazimu, na nitakuwa nimepoteza wino.

Nianze na kazi yangu, maana hujawahi kuniuliza. Kwenye harusi ya shemeji yako uliwaambia watu mezani kwamba mdogo wako ameacha kupiga picha binadamu, sasa anapiga picha kuku wasiofugika. Watu walicheka, na mimi nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Ila hukuwaambia kwamba nilianza na kamera ya kuazima kwenye kona ya kinyozi, nikipiga picha za pasipoti nyuma ya pazia la shuka, nywele za wateja zikiniingia viatuni. Hakuna aliyenishika mkono. Lenzi ninayotumia leo, ndefu kama mkono wangu, niliitafuta mwenyewe, na ndiyo iliyowafanya watu wa shirika la kuhifadhi ndege wa majini waje kunitafuta.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mwaka kaskazini kunapoanza kuganda, ndege wa majini hukimbia baridi na kushuka huku pwani kwa maelfu. Kuna vitwitwi wasiozidi ngumi ya mtoto, kuna sululu wenye midomo iliyopinda kama sindano ya kushonea magunia, kuna shakwe ambao kazi yao kubwa ni kelele. Maji yakitoka, wanatawanyika kwenye tope kutafuta chakula. Maji yakijaa, wanasukumwa wote kuelekea nchi kavu, wanabanana mahali pamoja, wanasubiri. Hapo ndipo ninapowapiga picha. Jioni naifungua picha kwenye kompyuta, nachora juu yake mistari ya kulala na ya kusimama mpaka inakuwa miraba kama ukurasa wa hesabu, kisha nahesabu mraba mmoja baada ya mwingine. Shirika linataka idadi. Wanasema nakosea kidogo kuliko yeyote waliyewahi kumwajiri, na nawaamini, maana jumla ikinikataa kwa ndege mmoja mimi silali.

Napigia picha kwenye kibanda cha mbao kilichoko mwisho wa tuta. Tuta ni ukuta mrefu wa udongo uliojengwa zamani kuzuia bahari. Upande mmoja kuna tope la wazi, upande wa pili kuna bwawa la chumvi lililoachwa, na njia ya kufika kibandani ni juu ya tuta tu, ingawa mlangoni kuna ngazi chache za kushukia bwawani. Ndani kuna vidirisha viwili vyembamba, kimoja kila upande, vigoda viwili, msumari wa kutundikia koti, na komeo la mlango ambalo ukifunga linashuka lenyewe, tik, kama mtu anayegonga ulimi.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye jambo. Ndege hawaogopi kibanda. Wanaogopa mtu aliyemo. Wakikuona unaingia, wanajua umo, na watakaa mbali hata ukinyamaza kutwa nzima. Dawa yake kila mpiga picha wa ndege anaijua: mnaingia wawili, kisha mmoja anatoka na kwenda zake, waziwazi, bila haraka. Ndege hawajui hesabu. Wameona mtu kaingia, wameona mtu katoka, kwao kibanda ni kitupu. Haupiti muda wanarudi na kusimama karibu kiasi cha kuhesabu kope zao.

Mtu wangu wa kutoka alikuwa Baba.

Unajua alivyofika kwangu. Sitaki kukuchoma, lakini nikiliruka hili barua nzima haitasimama. Mzee aliyetuacha wadogo, akaenda na lori safari ya wiki moja iliyochukua miaka ishirini na tisa, alirudi goti limekufa na meno yamepungua, na wewe ukampa chumba cha uani. Nakusifu kwa hilo, mimi wakati ule nisingempa hata kigoda. Kisha ikaja ile siku aliyochukua gari lako bila kuomba na kurudi usiku. Ukamwambia mbele ya Wifi na watoto: "Wewe kuondoka ndiko unakokujua. Basi ondoka, na mlango huu usiugonge tena mpaka nikuite mwenyewe." Jioni hiyohiyo alikuwa kwangu, ana mfuko wa plastiki na kofia yake ya sufu, ananiuliza kama nina kazi inayomfaa mtu mvivu.

Nilipomweleza kazi ya kutoka, alicheka mpaka akapaliwa. Akaniambia, "Mwanangu, maisha yangu yote natukanwa kwa kuondoka. Leo nimepata anayenihitaji kwa hilo."

Aliifanya vizuri, Kaka, vizuri kuliko nilivyotegemea. Alfajiri tulitembea pamoja juu ya tuta, yeye mbele kwa sababu ya goti, mimi nyuma na mzigo. Kibandani alikaa kwenye kigoda cha karibu na mlango, akalisugua goti mpaka likapata joto, kisha akanigusa bega mara mbili. Ndiyo ilikuwa kwaheri yetu, maana ndani hatusemi. Komeo likashuka, tik, naye akaenda polepole, akisimama kupumzika penye mpindo, penye nguzo iliyoinama, na penye mlango wa maji, ule wa kuingizia bahari bwawani. Mimi nikimaliza nilimkuta kwa mama wa kioski barabarani, ameshamchekesha, ameshapewa chai, ameshajifanya yeye ndiye mwenye kamera. Siku ya kwanza kabisa nilimfundisha sharti moja la kazi. Nitalisema likifika mahali pake.

Siku aliyopotea ilikuwa mwisho wa msimu uliopita, siku ya maji makubwa. Bahari ilipanda mpaka ndege wakakosa pa kuweka mguu, na muda mfupi baada ya komeo kushuka nilitazama kidirishani nikaona wamepanda juu ya tuta lenyewe. Kaka, sijawahi kuona na sidhani nitaona tena: tuta lote kuanzia karibu na kibanda hadi penye mpindo limefunikwa migongo, wamebanana bega kwa bega, maelfu, kimya, hakuna hata mmoja anayeruka. Nikajiambia Baba ameshapita kabla hawajapanda. Nikajiona nimebahatika. Nikapiga picha mpaka vidole vikafa ganzi. Picha moja ya asubuhi ile ndiyo shirika lilichapisha kwenye kalenda, na Wifi aliniambia umeitundika sebuleni juu ya televisheni, na wageni wakiuliza unasema ni ya mdogo wako. Nilifurahi kusikia. Hukuniambia mwenyewe, lakini nilifurahi.

Nilipofika kioski, mama akaniuliza leo mzee wangu yuko wapi. Unayajua yaliyofuata. Nilizunguka hospitali, polisi, kituo cha basi. Kondakta mmoja alisema amempakia mzee mwenye kofia ya sufu asubuhi ile, na wewe ukaona hilo linatosha. Ulisema amerudia kazi yake ya zamani. Nilipokuomba uje tumtafute, ukasema mtu anayejificha hatafutwi, tena ukasema huenda namficha mimi, kwa nini nisisikie chochote wakati nilikuwa pale pale? Nilikuapia kwamba sikusikia kitu. Hukuniamini. Ukakata simu, na kuanzia hapo simu yangu haikupokelewa tena. Mfuko wake wa plastiki ulibaki nyuma ya mlango wangu, na nguo zake zote zimo. Nilikuambia hilo pia. Ukasema mara ya kwanza vilevile hakubeba kitu.

Wiki hiyohiyo shirika lilifungua mlango wa maji, wakaliingizia bwawa la chumvi maji ya kifundo cha mguu ili ndege wa mwaka huu wapate pa kupumzika. Ndege wa msimu ule wakaondoka. Nikabaki na kazi za harusi na vitambulisho, na chumba chenye mfuko nyuma ya mlango.

Mwaka huu nilianza peke yangu. Nilidhani nikifika kabla ya mwanga nitawahadaa. Hawakuhadaika. Walikaa ng'ambo ya bwawa, mbali, kwenye picha walikuwa vumbi tu, na mtaalamu wa shirika akaanza kuniuliza kwa upole kama lenzi yangu ina tatizo. Kisha ikaja asubuhi moja ya ukungu. Nilikuwa nimeshafunga mlango, nimeshakaa, nimeshatoa kifuniko cha lenzi. Komeo likashuka. Tik. Nikageuka, mlango umefungwa vilevile nilivyoufunga, na komeo lilikuwa limeshashuka tangu mwanzo, nililishusha kwa mkono wangu.

Haukupita muda ndege wakaja.

Walikuja wote, Kaka, wakatua bwawani mbele ya kidirisha kama enzi zile. Nakiri kwamba jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha ya kazi. Nikapiga picha. Ila nilikuwa nikiona kitu pembeni ya jicho na sikitaki. Vichwa vyao vilikuwa vinageuka. Si kunitazama mimi. Waliokuwa karibu na ngazi za kibanda waligeuka kwanza, kisha waliofuata, kisha wa mbele yao, taratibu, kama watu waliokaa mkutanoni wanavyomgeukia mtu anayepita katikati kutafuta nafasi.

Jioni nilichora miraba yangu. Idadi ilikuwa nzuri, lakini jumla ilinikataa. Kuna mraba mmoja katikati ya msongamano ulikuwa na sifuri. Mraba wa jirani yake una ndege arobaini na wawili, wa upande wa pili thelathini na tisa, na huu hauna hata unyoya. Nikafungua picha iliyofuata. Ule una ndege sasa, na sifuri imehamia mraba wa mbele. Nikafungua nyingine. Imehama tena. Palikuwa na nafasi tupu, upana wa mtu na mikono yake, inatembea kati ya ndege. Mbele yake wanaachia, nyuma yake wanaziba.

Umenisema sana kwamba mimi ni mtu wa kutaka ushahidi, basi sikulala na hofu, nililala na kalamu. Kamera huandika muda kwenye kila picha, na nguzo za zamani za bwawa zimepandwa kwa umbali ulio sawa. Ukiwa na muda na umbali, mwendo unaupata. Nyoka haendi hivyo, wala mkondo wa maji. Ile nafasi ilisogea kidogo, ikasogea zaidi, ikasogea kidogo, ikasogea zaidi, hatua fupi na hatua ndefu, fupi na ndefu, kisha ikasimama. Ikakaa. Ikaendelea. Nikaiacha kompyuta, nikaenda kuuangalia mfuko nyuma ya mlango, nikarudi. Mimi nimetembea nyuma ya goti lile msimu mzima. Naujua mwendo wake kuliko ninavyoujua wangu.

Kila asubuhi ikawa hivyo. Ninafunga, nakaa, komeo linashuka mara ya pili, vichwa vinageuka. Inaanzia kwenye ngazi za kibanda, inakata bwawani, haipandi tutani, na inaishia mahali pamoja, karibu na nguzo ya pili. Pale ndege wanaacha duara na hawalikanyagi mpaka maji yanapogeuka.

Nikamwonyesha mtaalamu. Ni mtu mwema, anayependa kueleza mambo. Alisema pengine pale pana kina. Nilikuwa nimeshapima kwa fimbo, kina ni kilekile. Akasema pengine ni mnyama wa chini ya maji, akacheka kidogo, akaomba kuona picha inayofuata, na inayofuata. Alipofika ya mwisho hakuwa anacheka. Akaniuliza siku hizi naingia na nani kibandani. Nikamwambia naingia peke yangu. Akasema hilo haliwezekani, kwa sababu ndege hawa wanaonyesha wameona mtu akitoka.

Siku hiyo ndipo nilipoitoa ile picha ya kalenda. Sasa naomba usimame, Kaka, uende sebuleni ukaitazame ya kwako. Kwanza jua jambo moja: ndege akipumzika huelekea upepo. Lazima, vinginevyo manyoya yanamfumka na baridi inamwingia. Tazama katikati ya picha, wote wameelekea kulia, upepo ulikotoka. Sasa sogea karibu, tazama kona ya chini kushoto, juu kidogo ya namba za tarehe. Pale ukingoni mwa tuta kuna kundi ambalo halikuelekea upepo. Manyoya yao yamefumka na hawajali. Wameupa upepo ubavu, shingo zimenyooshwa, wote wanatazama chini, upande wa bwawa. Upande ambao mimi nilikuwa sioni, kwa kuwa asubuhi ile nilikaa kwenye kidirisha cha upande wa bahari, bwawa liko mgongoni mwangu.

Nilielewa hapohapo, lakini kuelewa si kupata, nikaenda kwa fundi wa mlango wa maji. Nikamwomba alipunguze bwawa. Hakuniuliza sana, alinitazama usoni akachukua funguo zake. Bwawa likipungua huacha ganda jeupe la chumvi, gumu kwa macho, safi kama sakafu, na chini yake tope lisilo na mwisho. Tulilaza mbao mbili, tukawa tunahamisha ya nyuma kwenda mbele mpaka karibu na nguzo ya pili. Fundi akachoma ufito mara kadhaa. Ukagota. Akalala kifudifudi juu ya ubao, akaingiza mkono hadi begani, akavuta taratibu, likaibuka buti la mpira. Kisiginoni lina kiraka cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa nusu duara. Unamkumbuka anavyoziba, kila kitu kwake kilikuwa tairi. Kiraka kile alikibandika mezani kwangu, akaunguza kitambaa changu cha meza, akaniambia nisinune, vitambaa viko vingi.

Buti halikuwa tupu.

Fundi akavua kofia. Tukairudisha chumvi juu, tukasimika fito nne, tukaita polisi. Wamesema watamtoa Jumatano ijayo, maji yakiwa madogo na bwawa limekauka, na wamesema awepo mtoto wake mkubwa. Mimi niliwaambia mtoto mkubwa yupo.

Kwa hiyo Baba hakuondoka, Kaka. Hilo ndilo nililotaka ulijue kabla ya mengine. Alitoka kibandani asubuhi ile, akakuta ndege wamefunika tuta mbele yake. Kama angepita katikati yao wangeruka wote, na mimi nisingepata picha hata moja. Akashuka ngazi upande wa bwawa, awazunguke kwa chini, aliona chumvi nyeupe akadhani ni nchi kavu. Alikuwa anakwenda kunywa chai. Mzee mwenye kofia ya sufu aliyepanda basi alikuwa mzee wa watu wengine.

Na sasa lile sharti. Nimelizungukia barua nzima, na hapa pa kuzunguka pamekwisha. Siku ya kwanza nilimwambia: Baba, ukishatoka, hata uanguke, hata ukanyage chupa, usiite. Ukiita wataruka na siku yangu imekwisha. Akaniuliza kwa utani, je, nikifa? Nami nikamjibu kwa utani vilevile, "Basi ufe kimyakimya."

Nimepima kutoka fito zile hadi kidirisha changu. Mtu akikohoa pale, namsikia. Tope lile halimezi mtu kwa ghafla. Fundi ameniambia linachukua muda, tena muda mrefu. Niliapa kwako kwamba sikusikia kitu, na nilisema kweli. Ninachokijua leo ni kwa nini. Alisimama mle, ndege wamemkodolea macho, mwanawe yuko pale pale anabonyeza kamera, na hakuita. Usinitumie neno la kunituliza kwa hili, na usinitumie la kunilaumu pia. Nimelitaja ili tuwe tunajua sawa.

Lililobaki ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kumwachia polisi akupigie.

Siku ile, fundi alipokwenda kuita watu, nilibaki peke yangu juu ya ubao. Sikujua la kufanya, nikamwambia anachoambiwa mtu aliyemaliza zamu. Nikasema kwa sauti, "Baba, kazi imekwisha. Inuka twende." Nikarudi kibandani kuchukua vitu vyangu, sikutazama nyuma.

Tangu siku hiyo ndege hawatui. Wanakuja na maji, wanazunguka juu ya kibanda, wanasita, wanakwenda ng'ambo. Alfajiri nafunga mlango, komeo linashuka mara moja tu. Nangoja la pili, halishuki. Mtaalamu alisimama barabarani na darubini yake, akanipigia simu kuuliza nimekosea wapi, kwa sababu ndege wanaonyesha wameona wawili wakiingia na hakuna aliyetoka.

Siogopi. Nakwambia hivyo ujue. Nakaa kwenye kigoda changu, cha pili sikitazami. Harufu ya sufu iliyolowana inajaa kibandani hata siku kavu. Nasikia kitambaa kikisuguliwa juu ya goti, polepole, mpaka lipate joto. Mwanzoni nilidhani anakaa kwa sababu yangu. Kisha nikakumbuka yeye ni mtu wa kutoka, na mtu wa kutoka lazima awe na pa kwenda. Kwangu ameshafika. Mlango anaoutaka ni ule alioambiwa asiugonge mpaka aitwe, na aliyeahidi kumwita ni wewe. Alikuwa mkaidi kwa mengi, lakini neno lako lile hakulivunja. Kila jioni alinihadithia watoto wako, na nikimwambia twende basi, alijibu, "Bado sijaitwa."

Kwa hiyo njoo Jumanne, siku moja kabla ya polisi. Alfajiri tutaingia kibandani, mimi na wewe. Vigoda ni viwili, wewe utasimama, utanisamehe. Hutasema kitu ndani. Baada ya muda utafungua mlango utoke, na ukiwa nje sema uliyo nayo, kwa sauti, usijali ndege. Mwite. Kisha tembea juu ya tuta polepole, goti lake unalijua. Simama penye mpindo, simama penye nguzo iliyoinama, simama penye mlango wa maji. Usigeuke. Mimi nitabaki kidirishani, na mimi ndiye nitakayejua: ndege wakitua, ameondoka nawe. Wao hawajui hesabu, lakini mimi naijua. Watatu tumeingia, wawili mmetoka, amebaki mmoja, na huyo ni mimi.

Njoo na mabuti yako ya mpira, hapa hakuna ya kuazima. Njoo na koti zito. Ukishindwa kunipigia kwa aibu ya siku nyingi, usinipigie, wewe njoo tu, mama wa kioski atakuonyesha njia.

Nisalimie Wifi, mwambie namshukuru kwa kupokea simu aliyokatazwa kuipokea. Wabusu wanangu, na huyo wa mwisho mwambie shangazi yake anasema nywele ni zake, asikimbizwe. Usinyanyue mtungi wowote kabla ya Jumanne, tutauhitaji huo mgongo.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano

Uniwie radhi kwa mistari miwili iliyopinda hapo juu, penye habari za mabuti. Naandikia kibandani, karatasi iko gotini, na nimeguswa bega mara mbili. Yuko tayari. Anakungoja wewe.